Sekretari Aliyeuliza Kama Meza Imefika

Nianze kwa kujisifu, maana hapa kwetu asiyejisifu husifiwa siku ya mazishi yake, na siku hiyo hasikii. Kutoka Kapkatet mpaka Sotik, mimi ndiye mtu wa kwanza kutengeneza meza kwa kisiki cha mchai. Hao wengine mnaowaona barabarani siku hizi walinitazama mimi wakaiga. Watu walipokuwa wanang'oa chai iliyozeeka na kufanya visiki kuni, mimi nilisimama nikaangalia ile mizizi ilivyojikunja na kushikana, nikasema hapa kuna meza. Shule niliachia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililikalia nusu. Leo meza zangu ziko Nairobi, ziko Mombasa, na moja iko Kanada kwa daktari wa meno.

Lakini meza haziendi mbali kwa miguu yao. Kuna mtu aliyezipeleka, na mtu huyo hakuwahi kushika msasa hata siku moja. Tulimwita Sekretari. Sokoni aliitwa hivyo, kanisani aliitwa hivyo, hata watoto wadogo walimwamkia, "Chamgei, Sekretari," naye akaitika bila kukasirika.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, alikuwa na ndugu wangapi, hayo waulize wengine. Mimi nilimpata akiwa ameshastaafu, sketi imepigwa pasi kama inaenda kukaguliwa, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa amechapa barua katika ofisi ya shamba moja kubwa la chai maisha yake yote ya kazi, chini ya mameneja saba. Alisema kila meneja alikuja na hasira yake, na yeye kazi yake ilikuwa kuigeuza hiyo hasira iwe barua ambayo mtu anaweza kuisoma mpaka mwisho.

Siku ya kwanza alikuja kununua kiti. Akakizunguka, akakigusa kwa ncha ya mwavuli.

"Fundi, kiti cha chini hivi ni cha mtu au cha kuku?"

"Ni cha kukamulia, Madam."

"Mimi sikamui. Kiongeze inchi nne, magoti yangu si ya mwaka huu."

Nikaanza kupima. Yeye akakaa kwenye benchi, akatazama karakana yangu yote kama mkaguzi, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Watu walionunua hapa mwaka jana wako wapi?"

"Walienda na vitu vyao."

"Walifika?"

"Sasa nitajuaje kama walifika, Madam?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mgeni akitoka kwako jioni na njia ina matope, unatulia kabla hajakuambia amefika? Basi hawa walikuja wakakuamini, wakabeba kisiki chenye uzito wa ndama mpaka Nairobi, na wewe huna habari nao. Hata hujui kama meza ilipita mlangoni."

Nikacheka, lakini lile neno likanikaa moyoni. Ni kweli, kwetu mtu akiondoka lazima aseme amefika. Asiposema tunamtafuta. Mimi nilikuwa nauza tu, halafu nasubiri mtu mwingine apite.

Alhamisi iliyofuata alirudi kuchukua kiti chake, na kwenye mkoba alikuwa na kompyuta yake ndogo. Akaomba kitabu changu cha risiti. Wengi walioagiza kutoka mbali walikuwa wameniachia anwani zao za barua pepe, zile zenye alama ya kujipinda katikati, na mimi sikujua nizifanyie nini. Akazichapa moja moja. Halafu akaandika barua fupi sana. Hadi leo naikumbuka: "Huyu ni fundi wa Kapkatet. Mvua imeanza huku, na visiki tumeviingiza ndani. Nilitaka kujua kama meza yako ilifika salama, na kama inakaa vizuri pale ulipoiweka."

"Hiyo tu?" nikamwuliza. "Hatuwaambii wanunue nyingine?"

"Wewe ukienda kumwona mtu, unaanza kuomba ng'ombe ukiwa bado mlangoni?"

Ikatumwa. Kabla ya jua kuzama watu wanne walikuwa wamejibu. Mmoja alisema meza ilifika lakini mguu mmoja unacheza, akanieleza upi, nikamtumia kabari ya mbao kwa gari la abiria. Mwingine alituma picha ya mtoto wake amelala chini ya meza. Yule daktari wa meno wa Kanada alisema wagonjwa wake wanaishika mizizi wakisubiri kung'olewa jino, inawatuliza. Na mmoja, bila kuombwa, aliagiza viti sita.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Alhamisi alikuja na kompyuta, na kila Alhamisi ya pili barua ilitoka. Mimi nilizungumza huku napiga msasa, yeye alisikiliza na kuchapa. Lakini msifikiri alichapa nilichosema. Mara ya kwanza nilimwambia aandike kwa herufi kubwa: NUNUA SASA, BEI IMESHUKA, USIKOSE. Akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Fundi, unampigia nani kelele?"

"Wateja."

"Wako viziwi?"

Barua yake ilikuwa na mwendo wake, na mwendo huo aliutoa nyumbani wala si kitabuni. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa kikombe. Basi barua ilianza na hali ya hewa, ikaja habari ya shamba kilikotoka kisiki cha wiki hiyo, nani alikipanda, kwa nini kimeng'olewa, kina mikono mingapi. Mwishoni kabisa, kama mtu anayesimama kuaga, ndipo aliposema kwamba meza hii ipo kama kuna anayeihitaji. Mstari mmoja. Nilimwomba mistari miwili kwa miaka. Hakunipa.

Aliweka daftari la wateja, na sikuruhusiwa kuligusa kwa mikono yenye vumbi. Humo hakuandika nani alinunua nini. Aliandika nani ana mama mgonjwa, nani amehamia nyumba mpya, nani hapendi kuitwa "mpendwa mteja". Mtu akijibu barua, alijibiwa siku hiyo hiyo, hata kama aliandika neno moja. "Anayekuitikia halafu ukanyamaza," alisema, "umemwita bure." Na mtu akisema hataki tena barua zetu, jina lilifutwa saa hiyo hiyo, na Sekretari akamshukuru kwa muda wote aliotusoma. Mimi hilo liliniuma kama jino. Mwanamume mmoja wa Kisumu alijitoa, akashukuriwa, na baada ya mwaka akarudi mwenyewe kuomba aandikishwe. Alisema hajawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile.

Nakumbuka siku niliyokuja na ujanja wangu. Kulikuwa na harambee kanisani ya kujenga paa, na wageni wakubwa kutoka Nairobi waliandika majina kwenye daftari la mlangoni, namba za simu, barua pepe, kila kitu. Nikapiga picha kurasa zote. Alhamisi nikamwonyesha Sekretari, nimejaa kifua kama jogoo.

"Angalia, Mama. Watu wazito hawa. Waweke wote."

Akapitisha kidole kwenye simu, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. "Hawa walikuja kwako au walikuja kwa Mungu?"

"Walikuja kanisani, lakini mimi pia nilikuwa kanisani."

"Basi Mungu akiwapa ruhusa aniandikie. Barua pepe anajua."

Nikakasirika, nikamwambia biashara si Sunday School. Yeye akafunga mkoba, akasema hakuna shida, yeye atarudi Alhamisi. Alirudi akiwa na daftari jipya, akaliweka mlangoni pa karakana na kalamu imefungwa uzi, juu ameandika: "Ukitaka tukuandikie habari za visiki, tuachie anwani." Nilidhani hakuna mtu atakayeandika. Waliandika. Walionunua na wasionunua, mpaka dereva wa lori la majani chai ambaye hana hata meza nyumbani.

Sasa nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliishi katikati ya chai maisha yake yote na hakuinywa. Alikunywa maji moto matupu, akisema mwokaji hana njaa ya mkate. Aliwacheka watu wanaoongea na simu njiani, lakini barua pepe ikiingia alishtuka kwa furaha kama msichana aliyeitwa jina lake. Alikuwa mkali kwa makarani wa benki, mkali kwa wachungaji, mkali kwangu, ila ng'ombe wa jirani akiingia kwenye shamba lake la mboga alimwomba atoke kwa sauti ya upole, "Tafadhali, mama." Umri wake alipunguza miaka mitano bila aibu, na ukimkumbusha mwaka aliosema jana, alikuambia karani ni wewe au ni yeye.

Na jambo hili ndilo sikulielewa kwa muda mrefu. Barua zote zilisema "mimi". Mimi fundi, mimi niliamka, mimi nilikiona kisiki hiki nikasimama. Watu waliamini ninaandika mwenyewe, na mimi niliwaacha waamini. Mkifikiri niliona haya, hamnijui. Wafanyabiashara wa Kericho waliandaa semina, wakaniita nifundishe jinsi ya kuwaandikia wateja. Nilivaa koti. Nilisimama nikasema barua ni ziara, si mnada. Nikasema mteja akikuitikia usinyamaze. Watu waliandika kwenye madaftari! Sekretari alikaa mstari wa nyuma na mkoba wake mapajani, akapiga makofi kama wengine.

Tukirudi nilimwuliza, "Mama, hukukasirika?"

"Kwa nini?"

"Yale maneno yalikuwa yako."

"Nimeandika 'mimi' kwa mameneja saba, Fundi. Wengine walipandishwa vyeo kwa barua zangu. Sekretari ni mdomo, na mdomo haudai posho."

Basi nikafikiri mtu kama huyo, anayeandika "mimi" ambaye si yeye, uongo mdogo hautamsumbua. Hapo ndipo nilipokosea. Nikakosea vibaya kuliko siku zote za maisha yangu, na nitaeleza yote bila kuficha.

Nilinunua visiki kutoka shamba moja upande wa juu wa Kapkatet. Mzee mwenye shamba alikuwa amekufa, na wanawe wa kiume wakagawana ardhi, wakang'oa chai yote wapande parachichi. Kimoja kati ya visiki hivyo Sekretari alikieleza kwenye barua kama kawaida yake: mikono mitatu, na upande wa kushoto kovu la zamani la panga. Siku hiyo hiyo akajibu muuguzi mmoja wa Eldoret, mteja wetu wa zamani. Sekretari alinisomea jibu lile mara mbili.

"Hilo ni shamba la baba yangu," muuguzi alikuwa ameandika. "Lile kovu nililikata mimi nikiwa na miaka saba, nikijifanya mkubwa. Baba alinichapa, halafu akalipaka udongo kidonda kipone. Ndugu zangu wamegawana kila kitu na mimi binti sikupewa hata mstari mmoja wa chai. Tafadhali niwekee kisiki hicho. Nataka kiwe nyumbani kwangu kabla ya Krismasi."

Nikajibu, kwa mdomo wa Sekretari, kwamba kitafika kabla ya Krismasi. Niliahidi kwa sababu napenda kuahidi. Lakini mti wa chai ni mgumu na una kiburi. Unataka ukauke kivulini miezi na miezi. Ukiuharakisha, unalipiza. Mimi nikakiweka karibu na jiko la mkaa siku tano. Siku ya sita nikasikia mlio kama wa bunduki ndogo. Nilipoenda kutazama, kisiki kilikuwa kimepasuka kutoka juu mpaka kwenye mizizi.

Je, nilimwambia? Sikumwambia. Nilitafuta kisiki kingine chenye mikono mitatu, kikavu tayari, nikachukua panga nikakikata kovu upande wa kushoto. Nikakipaka vanishi, nikakiwekea kioo, kikaenda Eldoret. Moyoni nilisema kisiki ni kisiki. Kile cha kweli nikakitupa kwenye rundo la kuni nyuma ya karakana.

Muuguzi alituma picha. Ameinama, kidole chake kiko kwenye lile kovu, analia na kucheka. Chini ameandika, "Asante, Fundi. Baba amefika."

Sekretari aliifungua picha Alhamisi. Nilikuwa nangoja afurahi. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kovu hili nani amelikata?"

"Si yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto?"

"Fundi, mimi nimeishi na chai. Mti hai ukikatwa, unafunga kidonda chake, kingo zinaviringika kama midomo. Hili lina pembe. Hili ni la wiki jana."

Nikajaribu kueleza. Nikasema kilipasuka, nikasema Krismasi ilikuwa karibu, nikasema amefurahi, si amefurahi? Tunamvunja moyo kwa faida ya nani?

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Nimeandika 'mimi' kwa niaba yako," akasema, "na hilo sijali, maana ni kazi. Lakini mimi ndiye niliyemwandikia kwamba kisiki kina kovu. Umenifanya nimwambie mtoto kwamba huyu ndiye baba yake, na siye."

"Basi mwandikie, Mama. Mwombe msamaha. Wewe unajua maneno."

"Hapana. Huu wa kwako utauandika mwenyewe."

"Mimi sijui kuandika barua! Unajua sijui!"

"Kovu ulijua kulikata."

Akafunga kompyuta, akaondoka na mwavuli wake. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Wateja walianza kuuliza mbona kimya. Mke wangu alinitazama nikizunguka karakana kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, akaniambia, "Wewe si ndiye ulifundisha watu semina? Kaa uandike."

Niliandika siku tatu, kwa kidole gumba, kwenye simu. Niliandika maneno mengi ya kujitetea, nikayafuta. Iliyobaki ilikuwa hivi: "Dada, meza uliyonayo si ya baba yako. Ile ya kweli niliiweka karibu na moto ikapasuka. Nikaona aibu nikakata kovu kwenye kisiki kingine. Kisiki cha baba yako kiko hapa kwangu, vipande viwili. Nimekosa." Sikuweka hata salamu. Nikatuma, halafu nikaenda nikakitoa kwenye rundo la kuni, nikakifuta udongo.

Siku nne hakujibu. Siku ya tano pikapu ikasimama mlangoni, akashuka mwanamke mrefu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na meza imefungwa blanketi.

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ni mimi, Dada."

"Iko wapi?"

Nikampeleka. Alichuchumaa, akakigeuza kile kisiki mpaka akaliona kovu, lile lenye midomo. Akaingiza kidole gumba ndani, kikatoshea. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kofia yangu kama mtu aliye kortini.

"Ungeniambia tu kimepasuka," akasema.

"Niliahidi Krismasi."

"Nani alikuambia mimi nataka Krismasi kuliko baba?" Akainuka, akapanguza magoti, akautazama ule mpasuko kwa jicho lingine kabisa, jicho la kazi. "Mimi ni muuguzi. Nimesaidia kushona watu waliopasuka kuliko hiki. Una vyuma?"

Nilikuwa na vyuma. Tulikishona pamoja, yeye akishika na mimi nikipigilia, bati za chuma tano, kutoka juu mpaka mizizini, na mshono nikauacha uonekane kwa sababu alisema kidonda kilichoshonwa vizuri hakifichwi. Niseme ukweli bila kujisifu, ingawa hapa ningeweza: ni meza nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ile ya uongo aliniachia. "Kula juu yake," akaniambia. Ndiyo ninayolia chakula cha mchana mpaka leo.

Alhamisi Sekretari alitokea, akakaa, akafungua kompyuta. Hakusema habari za wiki zilizopita. Akauliza tu, "Mvua huko juu ilinyesha?" Nikajua tumerudi kazini. Baadaye aliomba ruhusa ya muuguzi, tukawaambia wateja kisa chote, na barua hiyo ilijibiwa kuliko nyingine yoyote. Kuna watu walianza kuuliza kama tuna zilizopasuka. Sasa nazitengeneza makusudi? La. Lakini zikipasuka zenyewe, hazikai wiki kabla ya kununuliwa.

Miaka ikaenda. Halafu macho yake yakaanza kufunikwa na ukungu, mtoto wa jicho, na mikono ikapungua nguvu. Binti yake alikuja akamchukua waishi pamoja Kipkelion, huko anakofuga ng'ombe wa maziwa. Sekretari aliniachia daftari la wateja na siri za kuingilia kwenye barua pepe, zimeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto. Akasema, "Sasa Alhamisi ni yako."

Alhamisi ikaja, nikapata kazi ya haraka. Ya pili nikapata msiba. Ukweli ni kwamba nilikaa mbele ya simu nikaona aibu. Nitaandikaje baada yake? Watu walikuwa wamezoea yule fundi mwenye maneno laini, na yule fundi si mimi. Miezi miwili ikapita. Barua zikaingia: mbona kimya, mko wazima, karakana imefungwa? Nikaona kabisa kazi ya miaka yote inaanza kukauka na kupasuka. Nikawasha pikapu yangu, ndiyo, yangu, haina deni, nikaenda Kipkelion.

Nilimkuta barazani, miwani nyeusi, sketi bado ina pasi. Binti yake akanipa kikombe cha maziwa, na mpaka nilipokimaliza hakuna aliyeniuliza kilichonileta. Ndipo Sekretari akasema, "Haya."

"Mama, nakuja kukuomba. Nitakuletea mtu wa kuchapa hapa hapa. Wewe useme tu."

"Kwani hujaandika?"

"Sijaandika."

"Miezi miwili?"

"Miwili."

Akatikisa kichwa. "Yule muuguzi, barua yake aliandika nani?"

"Ile ilikuwa ya kuomba msamaha, Mama. Msamaha hauhitaji ufundi."

"Na hizi nyingine ulidhani zina ufundi gani? Toa simu."

Nikaitoa. Akasema niandike, yeye atakaa kimya. Na alikaa kimya kweli, mikono juu ya mwavuli, mimi nikihangaika na kidole gumba. Niliandika kwamba mvua ya Kapkatet imechelewa. Niliandika kwamba nimepata visiki vizuri kutoka Chepilat, kwa mjane mmoja aliyenichagulia yeye mwenyewe, na kimoja kina umbo la mkono ulioshika kikombe. Niliandika kwamba nilinyamaza miezi miwili kwa sababu niliogopa. Neno "niliogopa" nililifuta mara tatu, nikalirudisha.

"Nikusomee?"

"Usinisomee. Mimi si mteja. Tuma."

Nikatuma. Jasho lilikuwa limenitoka kama mtu aliyepasua kuni siku nzima. Binti yake akaniongezea maziwa, tukaongea habari za ng'ombe, na kabla sijafika nusu ya kikombe simu ikalia. Alikuwa mteja mmoja wa Nakuru, tunamwandikia miaka mingi na hajawahi kujibu hata mara moja. Nikamsomea Sekretari: "Leo ameandika nani?"

Sekretari akainua kidevu. "Mtu ameuliza swali. Mjibu."

Nikaandika. Nilichukua muda mrefu, na yeye akaanza kugonga mwavuli chini, tok, tok. Nikabonyeza.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia leo ni mimi. Nimemwambia zile zote za nyuma uliandika wewe, Sekretari, na mimi nilikuwa nasifiwa bure. Nimesema barua ijayo nitawaambia wote."

Akaacha kugonga mwavuli. Ng'ombe mmoja akalia nyuma ya nyumba. Nikafikiri nimemkosea tena, na safari hii sina hata kisiki cha kushona.

"Utapoteza wateja," akasema.

"Wacha nipoteze. Nitapata wengine. Nani kati ya mafundi wa hapa Kenya amewahi kuandikiwa na sekretari wa mameneja saba? Ni mimi peke yangu!"

Akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu mwili wote, mpaka miwani ikaanguka na kuning'inia kwenye kamba.

"Sasa hapo," akasema, akiipapasa kifuani, "umejisifu vizuri."